Nyumba ya Matema Itazamwe Aprili

Anayekuja Matema, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, kutafuta nyumba huja Septemba. Mchanga umekauka, ziwa ni shwari, na Milima ya Livingstone imesimama upande wa mashariki mtu akidhani angeigusa kwa mkono. Dalali anamtembeza hadi kwenye nyumba yenye kibaraza kinachotazama maji, anamwonyesha miembe, anamtajia bei, kisha ananyamaza. Anajua maneno yaliyobaki ziwa litayasema lenyewe. Mgeni anavua viatu, anaingia majini mpaka magotini, na akitoka hapo ameshanunua, ingawa fedha bado ziko benki.

Simlaumu. Mwaka 1879 msafiri wa Kiskoti, Joseph Thomson, alifika pande hizi za kaskazini ya ziwa akastaajabia vijiji vya Wanyakyusa: nyumba safi, nyua zilizofagiliwa, migomba kila upande. Aliandika kama mtu aliyefika peponi. Lakini Thomson alikuwa mpita njia, na mpita njia hahitaji kujua choo kinakuwaje mwezi wa Aprili. Mnunuzi anahitaji.

Mnunuzi huuliza nyumba iko mtaa gani, ila kabla ya kuendelea, neno hilo "mtaa" lina kasoro. Kwa sheria zetu za serikali za mitaa, Matema haina mtaa hata mmoja. Mtaa ni wa mjini. Huku kuna kijiji, na ndani ya kijiji kuna vitongoji. Mnunuzi kutoka Mbeya au Dar es Salaam husema "mtaa" kwa mazoea, nami nitafanya hivyo, ila akumbuke kwamba atakayeulizwa juu ya ardhi hii si afisa mtendaji wa mtaa. Ni serikali ya kijiji. Tutafika huko.

Kinachofanya kazi ya mtaa hapa ni njia. Barabara ya lami kutoka Kikusya inapita Ipinda na kufika Matema, karibu kilomita 39, na inakoma kwa sababu haina pa kwenda: mbele ni maji, mashariki ni mlima. Ukitaka kwenda Ikombe kwa Wakisi wafinyanzi, shika mguu au panda mtumbwi. Kwa hiyo nyumba za Matema zimejipanga kwa namna inayoeleweka haraka. Kuna zilizoshika ufukwe. Kuna zilizoshika barabara. Kuna zilizosogea chini ya mlima kuelekea Lyulilo. Na kuna za bondeni, kwenye mpunga na kokoa, upande unakoteremkia Mto Lufilyo. Kila safu ina adui yake, na karibu maadui wote ni maji.

Mvua ya Kyela, wilaya yenye Matema, si ya kawaida. Kwa mwaka hunyesha zaidi ya milimita 2,000, wakati Dodoma haifikishi 600. Machi, Aprili na Mei ndiyo miezi yenyewe. Na mvua inayokudhuru si lazima iwe imenyesha juu ya bati lako. Mito minne, Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo, inateremsha ya Rungwe, ya Uporoto na ya safu ya Livingstone, na yote inakuja kumwagia kwenye bonde hili moja bapa. Unaweza kulala jua limewaka kutwa nzima, ukaamka maji yako mlangoni, kwa sababu usiku kucha ilikuwa inanyesha huko juu. Mito hii haina adabu ya mipaka pia. Songwe, ambao ni mpaka wetu na Malawi, umewahi kuhama njia yake mara kadhaa, ukawaacha watu na mashamba yao upande usio wao. Nchi mbili zimelazimika kuanzisha mpango wa pamoja wa bonde la mto huo, na moja ya kazi zake ni kuuzuia mto usitangetange. Kama mto unaweza kuhamisha mpaka wa nchi, uzio wako wa miti hauutishi.

Bondeni, basi, jibu ni jepesi: lima, usijenge. Waliojenga huko zamani walijua wanachofanya. Waliinua msingi, walijenga kwa mianzi na udongo ambao ukiharibika hutengenezwa upya kwa wiki moja. Anayeleta tofali za saruji na vigae bondeni amechukua desturi ya wenyeji na kuiacha hekima yake.

Ufukweni swali ni gumu zaidi, maana hapo ndipo moyo wa mnunuzi ulipo. Ziwa Nyasa halikai mahali pamoja. Kila mwaka hupanda na kushuka kwa kadiri ya mita moja, likifikia kilele kama mwezi Mei, mvua zinapomalizika. Hilo wenyeji wote wanalijua. Wasilolipigia hesabu wengi ni mwendo wake mrefu. Maji ya ziwa hili hutoka kwa mlango mmoja tu, Mto Shire, huko kusini Malawi. Kati ya mwaka 1915 na 1935 mlango huo uliziba kwa mchanga na matete, maji yakakosa pa kutokea, na ziwa likaanza kupanda. Liliendelea kupanda kwa vipindi mpaka mwaka 1980 hivi, lilipofika juu kuliko wakati wowote lilipopimwa. Kati ya shimo la 1915 na kilele cha 1980 tofauti ni zaidi ya mita 6. Simama ufukweni uangalie mita 6 kwenda juu: zinapita dari la nyumba nyingi zinazouzwa hapo. Tangu mwaka 1965 Malawi ina lambo pale Liwonde linalorekebisha maji ya Shire, lakini lambo haliwezi kulizuia ziwa lisijae mwaka wa mvua kubwa. Mwaka 2024 maji yalipanda tena, na watu wa mwambao wa Malawi wakahama nyumba zao.

Wala si Nyasa peke yake. Mei 2020 Ziwa Victoria lilipanda kuliko ilivyowahi kurekodiwa. Tanganyika nayo ilipanda miaka hiyohiyo, na nyumba za Gatumba, karibu na Bujumbura, zikageuka visiwa. Waliokuwa wamenunua "nyumba za mbele" walikuwa wa kwanza kuhama. Maziwa yetu makubwa yana tabia ya kusahaulisha: yanarudi nyuma miaka ishirini, watu wanajenga pale yalipokuwa, halafu yanarudi kudai chake.

Kwa bahati sheria imetusaidia kufikiri, hata kama kwa kawaida tunaichukia. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kibinadamu za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mwambao wa bahari au ziwa, na vilevile kutoka ukingo wa mto. Dalali atakwambia, "Mzee, mbona wengine wamejenga?" Wamejenga, ni kweli. Jangwani pale Dar es Salaam pia walikuwa wamejenga, wengine kwa miongo. Desemba 2011 mafuriko ya Mto Msimbazi yaliua watu zaidi ya 40 jijini, kaya zikahamishiwa Mabwepande, na miaka minne baadaye ikaja alama nyekundu ya X ukutani na tingatinga nyuma yake. Kujenga kwa wengi hakukuhalalisha chochote siku hiyo. Ushauri wangu kwa mnunuzi wa Matema ni kwamba mita 60 zake asizihesabu kutoka pale alipoyakuta maji Septemba. Azihesabu kutoka pale yanapolala Mei, na kama ana busara ya ziada, kutoka pale mzee aliyekuwa kijana mwaka 1980 atakapomwonyesha kwa fimbo. Mzee huyo yupo. Kila njia ya Matema ina wa kwake. Msalimie kwanza, "Ugonile," subiri akuitikie, kaa naye kidogo. Swali la ziwa lije la tatu au la nne.

Kama humpati mzee, nyumba zenyewe zinasema. Tazama ukuta kwa chini: rangi mpya iliyoishia magotini ina sababu. Tazama vizingiti vya milango ya majirani. Njia ambayo kila nyumba imepanda ngazi tatu kabla ya mlango si njia ya watu wanaopenda ngazi. Tazama miembe ya ufukweni: mwembe mkubwa uliosimama na mizizi ikiwa nje mpaka usawa wa kiuno unakuonyesha mchanga ulikuwa wapi siku ulipopandwa. Halafu uliza kisima kina hatua ngapi kwenda chini. Ukijibiwa "karibu tu, hatupati taabu," usifurahi. Maji ya kunywa yakiwa karibu, na shimo la choo liko karibu nayo. Kipindupindu si mgeni wilaya ya Kyela. Kimekuja mara nyingi, na kinapenda mahali ambapo kisima na choo vinajuana. Mtaa wenye bomba la maji ya mserereko kutoka mlimani una thamani kuliko mtaa wenye mandhari, hata kama bei ya sokoni inasema kinyume.

Kuhusu upepo nitasema machache. Kuanzia Mei hadi Agosti huvuma mwera, upepo wa kusini-mashariki. Ziwa lina urefu wa zaidi ya kilomita 550 kutoka kusini hadi kaskazini, na Matema iko kwenye ncha ya kaskazini, kwa hiyo mawimbi yanayopiga ufukwe wetu yamekusanya nguvu njia nzima. Nyumba ya mbele hupokea yote: bati hulia, mchanga huingia kwenye sufuria. Nyuma ya safu moja ya miembe na nyumba, upepo uleule ni baraka ya kupunguza joto, na Kyela joto lipo. Kuna pia wale wadudu wa ziwani, kungu, wanaoonekana kwa mbali kama moshi mweusi umesimama juu ya maji. Upande wa Malawi huwakusanya na kuwakanda kuwa chakula. Wakiingia sebuleni kwako na taa imewashwa, utatamani ungewajua mapema.

Sasa tugeuke upande wa mlima. Wengi wanaoliogopa ziwa hukimbilia huko, na hukimbilia bila kuuliza. Safu ya Livingstone imesimama wima namna ile kwa sababu ni ukuta wa Bonde la Ufa. Ardhi ilikatika hapo, upande mmoja ukazama kuwa ziwa, mwingine ukabaki juu. Mlima wa aina hiyo humwaga mawe. Ukiona jiwe kubwa kuliko gari limelala katikati ya shamba la mihogo, jua halikuota hapo. Lililetwa na maji ya korongo, na korongo lililoleta moja linaweza kuleta la pili. Aprili 2024, jijini Mbeya, sehemu ya Mlima Kawetere iliporomoka na kufukia nyumba na majengo ya shule huko Itezi. Waliokuwa wakiishi pale hawakuwa wajinga. Walikuwa wakiishi chini ya mlima ambao haukuwahi kuwafanya lolote.

Na palipokatika ardhi hutetemeka. Desemba 2009 Karonga, ng'ambo tu ya Songwe, ilitikiswa kwa wiki mbili mfululizo, tetemeko kubwa likifikia kipimo cha 6 hivi. Watu wanne walikufa na nyumba nyingi zikapasuka. Nyingi zilikuwa za tofali lisilofungwa na chochote. Kwa hiyo nyumba ya kununua Matema iangaliwe lenta yake: je, imezunguka nyumba nzima, ina nondo, au ni kipande juu ya mlango tu? Fundi wa hapahapa atakujibu kwa dakika tano. Pengine ndiye aliyeijenga, na hapo utaona usoni.

Karatasi ni jambo ambalo watu wa mjini hulichukulia kama la mwisho, la kwenda kusaini tu. Kijijini ni sehemu ya kuupima mtaa. Ardhi ya kijiji inasimamiwa na Halmashauri ya Kijiji kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999. Hati yake ni hatimiliki ya kimila, na familia nyingi hata hiyo hazina. Zina mipaka inayojulikana na majirani. Mauziano yasiyopitia Halmashauri ya Kijiji mahakama zimewahi kuyabatilisha, hata pale mnunuzi alipokuwa amelipa fedha zote mbele ya mashahidi. Asiye raia haruhusiwi kumiliki ardhi isipokuwa kwa uwekezaji kupitia utaratibu wake. Mwenye mpango wa kumwandikisha shemeji badala yake ajue amemnunulia shemeji nyumba. Na kwa kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971, nyumba ya ndoa haiuzwi na mume peke yake. Mama yuko wapi? Swali hilo liulizwe kabla ya bei. Kama jibu ni kwamba mama amesafiri, nawe safiri.

Lakini hatari kubwa ya Kyela ni ndugu, zaidi ya mume. Nyumba nyingi zinazouzwa ni za urithi. Baba alifariki, watoto wako Mbeya, Tunduma, Dar es Salaam, na mmoja aliyebaki nyumbani ana shida ya fedha. Anauza hatua 20 kwa 20 kutoka kwenye kiwanja cha wote. Usipoona barua ya msimamizi wa mirathi na muhtasari wa kikao cha ukoo, umenunua kesi. Hapa mtaa hujipambanua. Kuna njia ambazo ukiita majirani wanne wa mpakani waje kushuhudia, wanakuja wote, wanatembea mpakani, mmoja anasema "hapa si hapo, ni kwenye ule mti," wanabishana, wanakubaliana. Huo ni mtaa mzuri. Na kuna njia ambazo majirani wanakuwa na udhuru, kila mmoja. Hawataki kuwa mashahidi wa jambo wanalolijua.

Kuna makaburi pia. Wanyakyusa wamezika nyumbani tangu zamani, na mpaka leo Kyela si ajabu kukuta kaburi la vigae mita chache kutoka kibarazani. Mnunuzi wa mjini hulipita kwa heshima, halafu baada ya kununua huanza kufikiri atalifanyaje. Halifanywi kitu. Kuhamisha kaburi kuna sheria yake, ya mwaka 1969, na kuna ukoo wake, nao ni mgumu kuliko sheria. Ndugu yangu mmoja alinunua kiwanja chenye makaburi mawili akidhani amepata punguzo. Kila mwaka wenye marehemu wanakuja, wanafagia, wanakaa, na yeye anawapikia chai. Anasema amezoea. Mimi nasema amenunua nyumba pamoja na wageni wake, na bei haikutaja wageni. Kama huwezi kuishi hivyo, tafuta kiwanja kisicho na kaburi na uandike kwenye mkataba njia ya kupita iwe wapi.

Nimechelewa kuja kwenye watu, na ningeweza kuanza nao, kwa sababu sidhani kuna kabila Tanzania lililowahi kulifikiria suala la jirani kwa kina kuliko Wanyakyusa. Katika miaka ya 1930 Godfrey na Monica Wilson walikaa Unyakyusa wakichunguza maisha ya watu, na mwaka 1951 Monica alitoa kitabu kizima kuhusu vijiji vya rika. Kwa desturi hiyo, kijana wa miaka kumi hivi alitoka kwa baba yake akaenda kujenga na vijana wa umri wake pembeni mwa kijiji cha wazazi. Walikua pamoja, wakaoa, wakapanua, na katika sherehe ya ubusoka wakakabidhiwa nchi kuwa kijiji kamili. Mtu hakuishi na ndugu zake wa damu. Aliishi na wenzake. Kilichotafutwa kina jina: ukwangala, kule kukaa pamoja, kula pamoja, kuzungumza, kufurahiana. Ukwangala ulipovunjika, kwa ugomvi au kwa tuhuma za uchawi, watu walihama, na walihama sana. Nyumba ya mianzi haikumfunga mtu.

Vijiji vya rika vimekwisha. Tofali la kuchoma, shule, kokoa na hati vimemfunga mtu mahali pake. Jambo hili naliona zito kuliko mabadiliko mengine yote: babu aliyechukizwa na jirani alihama na nyumba yake, kwa kuwa nyumba ilikuwa nyepesi; mjukuu aliyemwaga jamvi na kupiga lenta hana pa kwenda. Kadiri nyumba inavyokuwa nzito, ndivyo jirani anavyokuwa na thamani. Lakini mnunuzi wa leo huchunguza tofali siku tatu na jirani dakika tatu.

Kuchunguza jirani si upelelezi. Kaa. Nenda asubuhi, uone kina mama wanasalimianaje bombani. Nenda kwenye msiba, ukiwa umealikwa au umepita tu, maana huku hapana mtu anayefukuzwa msibani. Uone nani amekuja na mchele, nani amekuja na kuni, nani anachimba kaburi, na nani yuko pembeni na simu. Uliza kama njia ile ina kikundi cha kuzikana na mchango wake ni kiasi gani. Mtaa ambao watu hawazikani kwa pamoja una habari ambayo hutaambiwa. Uliza pia ni nyumba ngapi za wageni zinafungwa kuanzia Januari hadi Juni. Ufukwe wa Matema unavutia watalii, na kila anayejenga nyumba ya kupumzikia huacha taa moja na mlinzi. Nyumba kumi za namna hiyo zikifuatana, hapo hakuna mtaa. Kuna walinzi kumi wanaongojea mwisho wa mwezi, na usiku ukiugua hutapata wa kukubeba mpaka hospitali.

Hospitali ipo, ya Kilutheri, ya siku nyingi, na ni sababu nzuri ya kupendelea Matema kuliko vijiji vingi vya mwambao. Huduma nyingine hazitenganishi sana njia moja na nyingine; kijiji si kikubwa, na lami imesogeza Kyela mjini na Ipinda karibu. Wazazi wenye watoto wadogo waipime njia ya shule wakati wa mvua, mto ukiwa umejaa.

Bei nayo inadanganya. Mwaka 2024 bei ya kokoa duniani ilipanda ajabu, ikapita dola 10,000 kwa tani, na Kyela ndiyo kitovu cha kokoa ya Tanzania. Fedha ziliingia mashambani kwa ghafla, na fedha za ghafla hutafuta kiwanja. Mwenye kununua kwa bei ya mwaka wa kokoa akitaraji kuuza kwa bei hiyo mwaka mwingine anacheza kamari na soko la New York na London. Nyumba ya Matema inunuliwe na mtu wa kukaa, au wa kuja mara kwa mara. Mtu wa kununua na kuuza atakwama, maana hapa wauzaji ni wengi kuliko wanunuzi wenye karatasi safi.

Nikibanwa niseme wazi, ningenunua wapi? Sitanunua mbele, hata nikipewa nusu bei, wala bondeni. Chini kabisa ya mlima, kwenye mdomo wa korongo, hapana. Ningetafuta safu ya pili au ya tatu nyuma ya ufukwe, upande wa juu wa barabara, mahali pa miembe mikubwa yenye mizizi iliyofunikwa, vizingiti vya chini, bomba la mserereko, majirani wanaokaa mwaka mzima na wanaobishana juu ya mpaka mbele yangu. Ziwa nitaliona nikitaka kutembea dakika tano. Nyumba kama hizo zipo, na mara nyingi dalali hazionyeshi, kwa sababu kamisheni ya mbele ni kubwa zaidi. Utazipata kwa kuuliza, na wa kumuuliza yupo: mwenyekiti wa kitongoji, fundi, mama anayeuza dagaa wa usipa.

Usiende Septemba, basi. Nenda wiki ya pili au ya tatu ya Aprili, ufike Ijumaa jioni, lala kwenye njia unayoifikiria. Kama usiku itanyesha, toka nje saa kumi alfajiri na tochi, utazame maji yanakopita. Jumamosi asubuhi tembea hadi soko la Lyulilo, ambako mitumbwi ya Wakisi huteremsha vyungu kutoka Ikombe. Watu wa kila njia ya Matema wanafika hapo. Nunua chungu, kaa, na taja kwa sauti nyumba unayotaka kununua.

Atakayecheka, mfuate.